Fedha za televisheni katika ligi za chini: tufuate njia ya Uingereza, ya Hispania au ya Ujerumani?

Tarehe 27 Agosti 2019, katika mji wa Bury kaskazini mwa Uingereza, mashabiki walifika uwanja wa Gigg Lane wakiwa wamebeba mifagio na ndoo. Klabu yao ilikuwa imepanda daraja miezi michache tu kabla ya hapo, lakini mechi zake za mwanzo wa msimu zilikuwa zimeahirishwa kwa sababu ilishindwa kuthibitisha kwamba ina fedha za kujiendesha, na siku hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa muda waliopewa. Kwa kuwa kulikuwa na habari za mnunuzi, watu walifagia ngazi na kupangusa viti ili mechi itakayofuata ikute uwanja safi. Mnunuzi akajiondoa siku hiyohiyo, na kufikia usiku klabu iliyokuwa mwanachama wa ligi tangu 1894 ikawa imefukuzwa katika ligi.

Bury haikuuawa na mgawanyo wa fedha za televisheni peke yake. Ilitumia kuliko ilivyoingiza, na wenye jukumu la kuizuia walichelewa. Hata hivyo mambo hayo mawili hayatenganishiki. Klabu ya chini inapoona kwamba hatua moja ya kupanda daraja inazidisha mapato yake mara kadhaa, hushawishika kukopa leo kwa matumaini ya kulipa kesho, na asipokuwepo mtu wa kuikagua kabla haijakopa, kinachofuata ni mishahara kucheleweshwa, kesi za madai na mwishowe kufuli langoni. Kwa hiyo swali la nani apate ngapi katika fedha za matangazo na swali la nani aruhusiwe kutumia ngapi nitayachukua hapa kama swali moja.

Makala haya yanamlenga msomaji anayetakiwa kuchagua, au walau kuwa na msimamo: mjumbe wa kamati ya ligi, kiongozi wa klabu ndogo, mwanachama anayejiandaa kwa mkutano mkuu, au shabiki anayeambiwa kila siku kwamba tuige Ulaya bila kuelezwa ni nchi gani ya Ulaya. Uingereza, Hispania na Ujerumani zote zina ligi kubwa na zote zimekutana na tatizo hili, lakini kila moja imelijibu kwa namna yake.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia hizi tatu kwa maswali matano yaleyale. La kwanza ni mahali fedha zinapokatika, kwa sababu kila mfumo una ngazi ambayo ukiivuka kwenda chini mapato huporomoka ghafla. La pili ni jinsi klabu inayoshuka daraja inavyosaidiwa, na msaada huo unavyowaathiri wale iliowakuta huko chini. La tatu ni wakati wa kukagua matumizi: kabla fedha hazijatumika au baada ya kutumika. La nne ni kinachotokea mnunuzi wa haki za matangazo anapoanguka. La tano ni nani mwenye kauli ya mwisho juu ya mgawanyo. Kwangu mimi la kwanza na la tatu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi, na nitayakalia kwa muda mrefu kuliko mengine.

Mahali fedha zinapokatika

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za televisheni za ligi ya Uingereza ziligawanywa sawasawa kwa klabu zote 92 za madaraja manne. Mwishoni mwa 1985 klabu kubwa zilishinikiza mgawanyo mpya: asilimia 50 kwa Daraja la Kwanza, 25 kwa la Pili, na 25 zilizobaki kwa la Tatu na la Nne. Mwaka 1992 klabu za juu zikajitoa kabisa na kuanzisha Ligi Kuu yenye mikataba yake. Tangu hapo kuna vyungu viwili. Ligi Kuu inauza matangazo yake, na klabu 72 za Championship, League One na League Two, yaani madaraja ya pili, ya tatu na ya nne, zinauza ya kwao kupitia EFL, chombo kinachoendesha madaraja hayo matatu.

Mkataba wa sasa wa EFL na kampuni ya televisheni ya Sky, ulioanza msimu wa 2024-25, una thamani ya pauni milioni 935 kwa misimu mitano, na kati ya hizo milioni 895 ni fedha taslimu. Mgawanyo uliozoeleka ndani ya EFL ni asilimia 80 kwa Championship, 12 kwa League One na 8 kwa League Two. Ukipiga hesabu ya wastani, klabu ya Championship inapata takriban pauni milioni 6 kwa msimu, ya League One kama 900,000 na ya League Two kama 600,000. Juu ya hizo huja malipo ya mshikamano kutoka Ligi Kuu, ambayo kwa klabu ya Championship ni kama milioni 5. Wakati huohuo klabu inayoshika mkia katika Ligi Kuu inapata zaidi ya pauni milioni 100. Genge la kwanza la Uingereza, yaani mahali mapato yanapoporomoka, basi, liko kati ya Ligi Kuu na Championship, na la pili liko kati ya Championship na League One. Haki ituongoze pia kutambua upande mzuri: fedha hizi, ijapokuwa ni kidogo, zinafika hadi daraja la nne, ambako wachezaji bado wanaishi kwa soka pekee. Hispania na Ujerumani hazifikishi fedha za chungu chao cha pamoja mbali kiasi hicho.

Hispania ilikuwa na hali mbaya zaidi kabla haijabadilika. Kila klabu iliuza haki zake peke yake, na Real Madrid na Barcelona zilichukua sehemu kubwa huku nyingine zikigombania makombo. Serikali iliingilia kwa sheria ya tarehe 30 Aprili 2015, iliyolazimisha haki ziuzwe kwa pamoja na ikaandika asilimia ndani yake: 90 kwa daraja la kwanza na 10 kwa daraja la pili, lenye klabu 22. Ndani ya daraja la pili, asilimia 70 ya fedha hugawanywa sawa kwa sawa, na 30 hutegemea matokeo na ukubwa wa klabu kwa jamii, yaani mambo kama viingilio na mvuto wa matangazo yake. Asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini kipengele cha mgawanyo sawa kinaifanya klabu ndogo ya daraja la pili iweze kukadiria bajeti yake bila kubahatisha. Genge la Hispania liko chini ya hapo: daraja la tatu linaendeshwa na shirikisho la soka nje ya mauzo haya, na klabu inayodondokea huko inaanza maisha mengine kabisa.

Ujerumani nayo inauza daraja la kwanza na la pili kama bidhaa moja. Klabu 36, yaani 18 kwa 18, ziko chini ya chombo kimoja, DFL, na haki za ndani kwa kipindi cha 2025 hadi 2029 zimeuzwa kwa takriban euro bilioni 1.12 kwa msimu. Sehemu ya fedha hugawanywa sawa, sehemu kubwa nyingine hufuata matokeo ya misimu kadhaa iliyopita, na sehemu ndogo huwazawadia wanaokuza vijana. Kwa sababu klabu za daraja la pili zimo ndani ya chumba kilekile cha maamuzi, pengo la juu ni dogo kuliko la Uingereza. Lakini daraja la tatu, 3. Liga, lililoanzishwa 2008, liko chini ya shirikisho la DFB na halimo katika chungu hicho. Mwezi Machi 2022 Türkgücü München ilijitoa katikati ya msimu wa 3. Liga baada ya kufilisika, na matokeo yake yote yakafutwa. Anayeisifu Ujerumani kwa uadilifu wa fedha anapaswa kutazama na huko.

Anayeshuka daraja anasaidiwaje

Hapa ndipo ubishi wa Uingereza ulipo mkali. Klabu inayoshuka kutoka Ligi Kuu hupewa malipo ya parachuti: mwaka wa kwanza asilimia 55 ya lile fungu ambalo klabu za Ligi Kuu hugawana sawa, mwaka wa pili 45, na mwaka wa tatu 20 iwapo ilikaa juu zaidi ya msimu mmoja. Kwa fedha, mwaka wa kwanza hukaribia pauni milioni 45 hadi 50. Klabu za Championship ambazo hazina parachuti hupata kila moja asilimia 30 ya kiasi cha mwaka wa tatu, League One asilimia 4.5 na League Two asilimia 3. Klabu mbili zinaweza kukutana Jumamosi katika ligi moja, moja ikiwa na fungu kutoka Ligi Kuu linalozidi la mwenzake mara tisa hivi. Mwaka 2020 mwenyekiti wa EFL, Rick Parry, aliyaeleza malipo haya mbele ya wabunge kuwa ni uovu unaopaswa kung'olewa.

Wanaoyatetea nao wana hoja, na haifai kuipuuza. Klabu inayopanda haiwezi kusajili wachezaji wa kiwango cha Ligi Kuu kwa mikataba ya miaka minne kama inajua kwamba ikishuka mapato yatakatika siku moja. Klabu tatu zilizopanda mwaka 2023 zote zilishuka msimu uliofuata, na tatu zilizopanda 2024 vilevile, jambo linaloonyesha kwamba tatizo la kushindana juu ni la kweli. Wala parachuti haihakikishi kurudi. Ni kweli kwamba Leeds na Burnley zilipanda 2025 zikiwa na pointi 100 kila moja, zote zikiwa na parachuti, lakini Luton 2023, Ipswich 2024 na Sunderland 2025 zilipanda bila malipo hayo. Luton yenyewe ilishuka 2024 na, ikiwa na parachuti mgongoni, ikashuka tena 2025 hadi League One. Maoni yangu ni kwamba kosa la parachuti liko katika ukubwa wake kulinganisha na mshikamano. Wazo la kumsaidia anayeanguka lenyewe ni la haki.

Hispania imeweka msaada huo ndani ya sheria: asilimia 3.5 ya mapato huingia katika mfuko wa fidia kwa klabu zinazoshuka, asilimia 90 ya mfuko kwa wanaotoka daraja la kwanza na 10 kwa wanaotoka la pili. Ni kiasi kidogo kuliko cha Uingereza, na inamkumbuka pia anayetoka daraja la pili kwenda la tatu.

Ujerumani haina parachuti. Kwa kuwa mgawanyo unaangalia matokeo ya misimu kadhaa, klabu iliyokuwa juu inabaki na sehemu ya thamani yake inaposhuka, na thamani hiyo hupungua polepole. Hamburger SV, iliyoshuka 2018 baada ya miaka 55 mfululizo katika daraja la kwanza, ilikaa misimu saba chini kabla ya kurudi 2025. Katika kipindi hichohicho Heidenheim, klabu ya mji wenye watu wapatao 50,000, ilipanda 2023. Kwa shabiki wa klabu kubwa miaka saba ni mateso. Kwa klabu ndogo ni dalili kwamba mlango uko wazi.

Kukagua kabla au kukagua baada

Kama ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu mfumo wowote wa fedha za soka, ningeuliza hili.

Uingereza kwa miaka mingi imekagua baada. Katika Championship, klabu iliruhusiwa hasara ya hadi pauni milioni 39 kwa miaka mitatu, mradi mmiliki aingize mtaji wa kufidia. Aliyevuka alifunguliwa mashtaka, na adhabu ilikuwa kupokwa pointi. Derby County ni mfano unaofundisha: Septemba 2021 iliingia chini ya wasimamizi wa ufilisi na kupokwa pointi 12, kisha ikapokwa 9 nyingine kwa sababu ya namna ilivyohesabu thamani ya wachezaji katika vitabu vyake, na mwaka 2022 ikashuka hadi League One. Makosa ya kihesabu yalikuwa ya misimu ya nyuma, chini ya uongozi uliokwisha kuondoka, na waliolipa kwa pointi walikuwa wachezaji na mashabiki wa msimu mwingine. Klabu nyingine, zilizokosa nafasi wakati Derby ikitumia fedha hizo, hazikurudishiwa chochote.

Chini ya hapo, League One na League Two zimekuwa na utaratibu tofauti: mishahara isizidi asilimia 60 ya mapato katika League One na 50 katika League Two. Utaratibu huo unakagua mapema, na kwa karatasi ni mzuri. Udhaifu wake ni kwamba mchango wa mmiliki ulihesabiwa kuwa mapato, kwa hiyo klabu yenye tajiri iliweza kulipa mishahara mikubwa bila kuvunja kanuni, hadi siku tajiri alipochoka. Agosti 2020 klabu zilijaribu kitu kikali zaidi, ukomo wa pauni milioni 2.5 kwa League One na milioni 1.5 kwa League Two, lakini chama cha wachezaji kilipinga na Februari 2021 jopo la usuluhishi likautengua. Funzo la hapo kwa kamati yoyote ya ligi liko wazi: ukomo wa mishahara usiowashirikisha wachezaji tangu mwanzo huishia kwenye meza ya wanasheria.

Hispania inakagua kabla. Tangu 2013 LaLiga, chombo cha ligi ya Hispania, huipangia kila klabu ya madaraja mawili ya juu kiwango cha juu cha gharama za kikosi, kulingana na mapato yanayotarajiwa na madeni yaliyopo. Klabu ikizidi, mchezaji mpya hasajiliwi, na haijalishi kwamba ameshavalishwa jezi na kupigwa picha. Kabla ya hapo klabu za Hispania zilidaiwa na mamlaka ya kodi mamia ya mamilioni ya euro. Ukali wa utaratibu huu umewagusa hata waliofanya vizuri uwanjani: Elche ilimaliza ya 13 katika daraja la kwanza msimu wa 2014-15 lakini ikateremshwa kwa sababu ya madeni, na Eibar, iliyokuwa ishuke, ikabaki badala yake. Pamoja na hayo, ukaguzi wa mapema hauzuii kila maafa. Januari 2019 Reus, ya daraja la pili, ilifukuzwa katikati ya msimu baada ya wachezaji kukaa bila mishahara, na wapinzani waliobaki wakapewa ushindi wa mezani.

Ujerumani nayo inakagua kabla, kwa njia ya leseni. Kila mwaka klabu hupeleka vitabu vyake na kuonyesha kwamba ina fedha za kumaliza msimu ujao. Isipoweza, inaweza kunyimwa kushiriki kabisa. MSV Duisburg ilinyimwa leseni ya daraja la pili mwaka 2013 na ikapelekwa 3. Liga. Mwaka 2017 TSV 1860 München, iliyokuwa imeshuka kutoka daraja la pili, ilikosa hata leseni ya 3. Liga kwa sababu mwekezaji wake hakutoa fedha zilizohitajika, na ikaangukia daraja la nne. Pembeni ya leseni kuna kanuni ya 50+1, inayotaka wanachama wa klabu washike wingi wa kura hata kama mwekezaji ana hisa nyingi, isipokuwa katika klabu chache zenye historia ya kampuni, kama Leverkusen na Wolfsburg. Kanuni hii inapunguza kasi ya fedha za matajiri, na wapo wanaolalamika kwamba ndiyo sababu klabu za Ujerumani hazishindani na za Uingereza kwa ununuzi wa wachezaji. Malalamiko hayo ni ya kweli kwa klabu za juu. Kwa klabu ya daraja la pili, inayotaka tu kuwapo miaka kumi ijayo, sioni uzito wake.

Mnunuzi wa matangazo anapoanguka

Mwaka 2002 ulileta jaribio la wazi kwa nchi mbili kwa pamoja. Mwezi Machi ITV Digital ya Uingereza, iliyokuwa na mkataba wa pauni milioni 315 kwa miaka mitatu na klabu za madaraja ya chini, ilishindwa kulipa huku ikidaiwa milioni 178.5. Kampuni mama, Carlton na Granada, hazikuwa zimesaini dhamana, na klabu ziliposhtaki zilishindwa mahakamani. Zilikuwa zimeshatia saini mikataba ya wachezaji kwa fedha ambazo hazikuja, na kadhaa zikaingia kwenye ufilisi. Mwezi uliofuata kampuni ya Kirch, iliyokuwa na haki za ligi ya Ujerumani, nayo ilifilisika. Klabu za Ujerumani ziliumia, zikapunguza mishahara na kuuza wachezaji, lakini kwa kuwa zilikuwa zimezoea kuonyesha vitabu kila mwaka, ligi haikupitia wimbi kama lile la Uingereza. Hispania, inayouza haki za madaraja mawili kwa pamoja, haijapitia anguko la namna hiyo chini ya sheria ya 2015, kwa hiyo kwa kigezo hiki ni vigumu kuipima.

Msomaji wa Kenya anaijua hadithi hii kwa karibu. Mwaka 2017 SuperSport ilijiondoa katika ligi kuu ya nchi hiyo baada ya mzozo wa kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, na klabu zilizotegemea fedha hizo zikabaki mikono mitupu.

Nani ana kauli ya mwisho

Uingereza iliwaachia wenye ligi wakubaliane, na kwa miaka mingi hawakukubaliana. Ndiyo maana Julai 2025 ilipitishwa sheria ya uendeshaji wa soka iliyoanzisha msimamizi huru, mwenye mamlaka ya kuamua mgawanyo kati ya Ligi Kuu na EFL pale mazungumzo yanapokwama. Hispania iliamua kwa sheria ya nchi tangu mwanzo, faida yake ikiwa uhakika na hasara yake ikiwa ugumu wa kubadilisha. Ujerumani inaamua ndani ya DFL, na mashabiki wana sauti inayosikika. Desemba 2023 klabu 24 kati ya 36 zilipiga kura kuruhusu mwekezaji anunue sehemu ya mapato ya matangazo ya miaka ijayo. Kwa wiki kadhaa mashabiki walisimamisha mechi kwa kurusha mipira ya tenisi na sarafu za chokoleti uwanjani, na Februari 2024 mpango ukaachwa. Hispania ilikuwa imekwisha kufanya biashara ya namna hiyo mwaka 2021 na mfuko wa CVC kwa mkataba wa miaka 50. Klabu ndogo za daraja la pili zilipata fedha za viwanja na za kulipa madeni, na zitakatwa mapato kwa nusu karne.

Kwa hali ipi, njia ipi

Kama ligi yako ina madaraja mengi ya kulipwa na daraja la juu linaloingiza fedha nyingi mno, njia ya Uingereza inakufaa kwa sababu inafikisha kitu hadi chini. Usiichukue, hata hivyo, bila kupunguza parachuti na kukuza mshikamano, na bila ukaguzi wa mapema.

Kama ligi yako ina klabu mbili zinazovuta watazamaji karibu wote na zinazoweza siku moja kudai zijiuzie matangazo zenyewe, tazama Hispania. Tanzania iko karibu na hali hii kwa sababu ya Simba na Yanga. Mkataba wa Azam Media wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi, uliotiwa saini 2021, uliuzwa kwa pamoja, na hilo ni jambo la kulinda. Hatua inayofuata kwa anayeijali Championship na First League za Tanzania ni kutaka asilimia ya madaraja ya chini iandikwe katika kanuni, ijulikane kabla ya msimu, na sehemu kubwa yake igawanywe sawa.

Kama klabu zenu bado ni za wanachama na hofu yenu kubwa ni mwekezaji atakayekuja na kuondoka, Ujerumani ndiyo ya kusoma kwa makini, hususan leseni ya kila mwaka. Leseni inahitaji wakaguzi wenye ujuzi na uongozi ulio tayari kuinyima klabu maarufu. Pasipo utayari huo itabaki kuwa fomu ya kujazwa.

Kama fedha zenu za matangazo ni kidogo na mnunuzi ni mmoja, asilimia za mgawanyo zisiwe jambo la kwanza. Anzeni na dhamana ya benki au ya kampuni mama ndani ya mkataba, kile walichokikosa Waingereza mwaka 2002, na ratiba ya malipo inayolingana na miezi ya mishahara.

Na kama wewe ni kiongozi wa klabu moja tu, usiye na uwezo wa kubadili mfumo mzima, bado una kalamu ya mikataba yako. Weka katika kila mkataba wa mchezaji kipengele cha kupungua mshahara timu ikishuka daraja, hesabu fedha za televisheni za msimu huu tu wala si za msimu ujao, na mpe mweka hazina nafasi ya kusoma takwimu hizo mbele ya wanachama kabla dirisha la usajili halijafunguliwa.